Tembea Polepole Arabuko-Sokoke

Ukitoka Kilifi kwenda Malindi, ukishapita Matsangoni, mkono wa kushoto miti inaanza kusongamana na kukufuata hadi karibu na Gede. Abiria wengi hawaitazami. Mmoja ameinamia simu, mwingine amesinzia, mwingine anangoja kona ya Watamu ashuke aende zake baharini. Ile miti ndiyo ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Una kilomita za mraba zipatazo 420, na hakuna kipande kingine cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki kinachoufikia kwa ukubwa. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumtafuta bundi mmoja anayeishi humo. Sisi ambao nauli ya matatu inatufikisha mlangoni, wengi wetu hatujashuka hata mara moja.

Nataka ushuke, na nataka uingie kwa namna itakayokupa kitu. Maana wapo waliokwenda wakarudi wakisema, "Tumetembea, tumeona miti." Hawasemi uongo. Waliingia saa nne jua limeshachoma, kundi la watu kumi na tano, wakapiga hatua kama wanaowahi feri ya Likoni, wakatokea upande wa pili. Arabuko-Sokoke si Tsavo. Hakuna mbuga wazi ya kusimamisha gari ukahesabu pundamilia. Wanyama wake wengi ni wadogo, ni waoga, na wana rangi ya majani makavu. Msitu wa namna hii hutoa vilivyomo kwa mtu anayesimama. Ndiyo maana ushauri wangu wote utarudi pale pale: punguza mwendo, punguza umbali, punguza watu. Kilomita mbili au tatu kwa muda wa saa mbili hadi tatu ni matembezi kamili. Ardhi ni tambarare, njia ni za mchanga, hakuna mlima wa kupanda, kwa hiyo hata mtu asiyefanya mazoezi anaweza. Kinachochosha hapa ni joto, na joto linaepukika ukijua saa ya kuingia.

Saa hiyo ni alfajiri. Kituo cha msitu cha Gede kiko kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kabla kidogo ya kufika kituo cha Gede chenyewe ukitokea Mombasa. Mwambie kondakta akushushe "Msituni" au "kwa ofisi ya Forest", naye atajua. Jitahidi uwe umeshaanza kutembea kunapopambazuka vizuri, saa kumi na mbili na nusu hivi. Kuanzia hapo hadi saa tatu ndege wanaimba, wanyama wadogo wanatafuta chakula, na hewa bado ina umande. Baada ya saa tatu msitu unanyamaza. Upepo wa bahari hauingii chini ya miti, jasho halikauki, na kila kiumbe mwenye akili amejificha. Kwa sababu hiyo usitoke Mombasa asubuhi ile ile. Ni kilomita mia moja hivi, na utafika umechelewa. Lala Gede, Watamu au Malindi. Wanaotoka Nairobi hupanda treni hadi Mombasa kisha matatu, au ndege hadi Malindi, na kutoka hapo hadi msituni hakufiki kilomita 20.

Kama alfajiri imekushinda kabisa, nenda alasiri, kuanzia saa kumi. Utapata nusu ya yale ya asubuhi. Saa sita mchana usiende.

Kuhusu miezi, mvua za masika huanza mwezi wa nne na kuendelea hadi wa sita, na wakati huo barabara za ndani hujaa matope na madimbwi. Ila usiogope mvua kiasi cha kuukimbia msitu. Siku chache baada ya manyunyu ndipo vipepeo wanapotapakaa njiani, vyura wanapolia na maua yanapochanua. Kiangazi cha mwezi wa kwanza hadi wa tatu njia ni kavu na nyepesi kwa miguu, lakini jua ni kali na miti mingi imepukutika. Mimi hupenda wiki za baada ya vuli, majani yakiwa bado mabichi na mchanga umeshashikana.

Usiingie bila mwelekezi. Hili nalisisitiza hata kwa wenyeji wa Kilifi wanaojiona hawahitaji kuoneshwa msitu wa kwao. Kwanza, ndovu wapo, ndovu wa kweli, na msitu ni mnene kiasi kwamba unaweza kumkaribia mmoja hatua ishirini usimwone. Mwelekezi anaona kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjwa usiku, anajua leo wamelala upande gani, na akisema turudi, mnarudi bila majadiliano. Pili, njia zinafanana, na mtu hupotea kwa urahisi mahali ambapo hakuna kilima wala jengo la kumwelekeza. Tatu, na kwangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote, bila yeye utapita mbele ya vitu usivijue. Waelekezi wa Arabuko-Sokoke wana chama chao, na wengi wametoka katika vijiji vinavyopakana na msitu. Wanajua ndege kwa sauti, miti kwa gome, na jina la Kigiriama la kila kitu pamoja na kazi yake nyumbani.

Fanya mapatano jioni kabla ya siku ya safari. Uliza bei, mkubaliane, na umweleze wazi unachotaka. Usipomwambia atakupa matembezi ya kawaida ya mgeni. Mwambie: "Mzee, sina haraka. Nataka nitembee kidogo, nione sange, na unifundishe miti." Sentensi hiyo inabadilisha asubuhi yako nzima; sange ni nani nitakueleza nikimfikia. Kiingilio cha serikali ni malipo mengine, mbali na ujira wa mwelekezi. Msitu unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na siku hizi malipo ya serikali hupitia kwenye simu, kwa hiyo uwe na salio na chaji. Chukua kitambulisho, kwa kuwa raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Ujira wa mwelekezi mpe mwenyewe mkononi au kwenye simu yake, na usimpunje. Hiyo ndiyo pesa inayoingia moja kwa moja katika nyumba iliyo ukingoni mwa msitu, nyumba ambayo pia inahitaji kuni, nguzo na kitoweo.

Mavazi ni ya kawaida, mradi yakufunike. Suruali ndefu ya kitambaa chepesi, shati la mikono mirefu, soksi, viatu vilivyofungwa. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Utaonekana kichekesho lakini kupe watakosa mlango. Rangi iwe ya udongo au majani, maana shati jeupe linaonekana na kila mnyama kabla hujafika. Marashi yaache nyumbani. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, dawa ya mbu, na leso moja. Leso ni ya kutandika mkipumzika, ya kumfunika mtoto, ya kufuta jasho. Sijaona kifaa cha kisasa cha matembezi kinachoishinda. Darubini ukiweza kuazima, azima. Usipoipata usijali, kwa kuwa mengi ya hapa yanatazamwa kwa karibu.

Sasa ingia. Anza na njia fupi inayozunguka karibu na ofisi ya Gede, ambako baadhi ya miti imebandikwa vibao vya majina. Huu ni upande wa mashariki, unaopata mvua nyingi zaidi, na miti yake ni mchanganyiko. Simama kwenye mbambakofi. Mti huu ndio uliotoa mbao za milango mingi ya kale ya pwani, na chini yake, msimu wake ukifika, utaokota ganda gumu la hudhurungi lililopasuka, lenye mbegu nyeusi za kung'aa zilizovikwa kofia nyekundu. Zitazame, uzirudishe chini. Halafu muulize mwelekezi akuoneshe mtandarusi. Gusa gome lake. Utomvu wake ukiganda huwa sandarusi, ambayo kwa karne nyingi ilichimbwa ardhini kote pwani na kusafirishwa kwenda kutengenezea vanishi nje ya bara hili. Tunda la mtandarusi lina vipele vipele, na ukilivunja vidole vinanata kwa harufu ya dawa. Mtoto akishalivunja moja hasahau tena mti huo.

Ukiwa hapo usitembee zaidi ya hatua thelathini bila kusimama. Najua inachosha kusikia. Lakini mguu wa binadamu kwenye majani makavu una kelele, na kila unapousogeza kila kitu kinaacha kazi yake. Ukisimama kwa dakika tatu kamili, bila kunong'ona, kazi inarudi. Utasikia kitu kinapekua majani chini ya kichaka, kwa mapigo mafupi, kinanyamaza, kinaanza tena. Mwelekezi atainua mkono. "Mama, pale, kushoto kwa kigogo."

Huyo ndiye sange wa kiuno cha dhahabu. Mwili unakaribia ukubwa wa sungura mdogo, miguu ni miembamba kama ya paa, na pua ni ndefu, laini, inayocheza huku na huku kama ina maisha yake. Anaisukuma chini ya majani, anapekua kwa kucha za mbele, anadaka mende au jongoo, anasogea. Akigeuka utaona kiraka cha njano mgongoni karibu na mkia, king'aacho hata kwenye kivuli. Ngozi ya hapo ni nene kuliko sehemu nyingine za mwili, na inaaminika humkinga anapoumwa na adui au na sange mwenzake wanapogombea eneo. Akishtuka hupiga mkia chini, tap tap tap, sauti unayoisikia vizuri, kisha huruka kwa vishindo na kupotea. Sange huishi dume na jike wakigawana eneo moja maisha yao yote, ingawa mara nyingi utamwona mmoja tu. Hulala katika viota vya majani makavu sakafuni, na huwa na viota kadhaa wanavyobadilisha ili chui, nyoka na tai wasizoee mahali pamoja. Mnyama huyu hapatikani kokote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya kaskazini ya Kenya, na hapa ndipo ngome yake kuu. Yuko katika hatari ya kutoweka. Mwaka wowote ambao mitego ya nyaya inaongezeka, yeye ndiye wa kwanza kuumia, ingawa mtego uliwekewa paa.

Hapo nimefika kwenye jambo la mitego. Ukiuona waya uliofungwa kitanzi kwenye njia ya wanyama, usiuguse na usianze kupaza sauti. Mwoneshe mwelekezi, yeye anajua wa kumwarifu. Vivyo hivyo kwa kisiki kibichi cha muhuhu. Muhuhu ulikatwa sana kwa ajili ya vinyago, na miti mikubwa yake iliyosalia inahesabika.

Njia pana ya mchanga ina faida ambayo wengi hawaijui. Asubuhi, kabla gari halijapita, mchanga ule umeandika habari zote za usiku. Inama. Kwato mbili ndogo zilizochongoka ni za paa. Alama ya mguu mpana usio na kona, yenye mikunjo ndani, ni ya ndovu, na ukiona kingo zake bado kali na mchanga wake bado una unyevu, ulizia nafasi ya kurudi. Mwiba mweusi na mweupe umedondoshwa na nungunungu. Lundo la kinyesi chenye mbegu nyingi, mahali pale pale kila siku, ni choo cha fungo. Watoto wanapenda somo hili kuliko ndege, kwa kuwa nyayo hazikimbii. Mpe mtoto daftari na penseli achore anazozipata. Atatulia, na ukimya wake utakufaa hata wewe.

Miongoni mwa paa wa humo yuko mmoja mdogo mwekundu ambaye Waunguja humwita paa nunga. Kisiwani Unguja yupo, huku pwani ya Kenya yupo, na kwingine duniani hayupo. Ni vigumu sana kumwona. Mimi sikuahidi, na mwelekezi akikuahidi usimwamini.

Watu wengi wanaouliza habari za msitu huu wanataka kujua kwa nini sehemu moja inaonekana tofauti kabisa na nyingine. Sababu ni udongo. Ukitoka mashariki ukielekea ndani, unapita katika ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo miti ya mrihi ndiyo inayotawala. Mirihi imeachana, mwanga unafika chini, na majani machanga yanapochipua huwa mekundu kama shaba. Ni mahali pazuri pa kutazama juu. Makundi ya ndege wa aina mbalimbali hupita pamoja kwenye vilele, na kati yao huwapo chozi wa Amani na kwera wa Clarke. Huyu kwera ana rangi ya njano na nyeusi, na nje ya sehemu hii ya Kilifi hapatikani. Kwa miaka mingi hakuna mtafiti aliyekuwa ameona kiota chake. Viota vyake vilikuja kugunduliwa mwaka 2013 katika kinamasi cha Dakatcha, kaskazini mwa hapa, jambo linalokufunza kwamba kuulinda msitu mmoja hakutoshi kumlinda ndege anayelala katika mmoja na kuzaa katika mwingine.

Ukiendelea magharibi udongo unageuka kuwa mwekundu, mvua inapungua, na unaingia katika mfunda. Zaidi ya nusu ya msitu wote ni mfunda: miti mifupi, imeshikana, miiba, vichaka ambavyo mtu mzima anavipenya kwa kuinama. Huko ndiko anakoishi yule bundi.

Niseme wazi ili usivunjike moyo: kwenye njia fupi ya ofisini bundi wa Sokoke hayupo. Kumfikia unahitaji gari la kukuingiza hadi udongo mwekundu, na mwelekezi ambaye amewatafuta siku hizi na anajua wanalala wapi. Bundi huyu ana urefu wa sentimita 16 hivi, anatosha kiganjani. Wengine ni kijivu, wengine wana rangi ya kutu, na mara nyingi mchana utawakuta wawili wamekaa bega kwa bega kwenye kijiti, si juu sana, macho yamefumbwa nusu. Mbali na hapa na jirani yake Dakatcha, anapatikana tu chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Msogelee hadi pale mwelekezi anapokwambia, tazama kwa dakika chache, usimpige picha kwa mwanga wa kamera, kisha ondokeni. Mwelekezi akitaka kucheza sauti ya bundi kwenye simu mara kwa mara ili ajibu, mkatalie kwa adabu. Ndege anayejibu sauti ya uongo anaacha kutafuta chakula kumfukuza mpinzani ambaye hayupo.

Wapo watakaosita hapa. Tumelelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa, kuna msiba. Sitaki kumdharau mtu yeyote kwa alivyolelewa na wazee wake. Nakuomba tu umtazame huyu mara moja, mchana, akiwa amelala na mwenzake, na usikilize mlio wake mwororo wa filimbi jioni. Ukirudi nyumbani uwasimulie wazee ulichokiona, hasa wakiwa na wajukuu karibu.

Hatari zipo, na ni za kujua wala si za kutishana. Nyoka wapo, na wa kuangalia zaidi ni kifutu, kwa kuwa wengine hukimbia wakihisi kishindo, yeye hulala pale pale akitegemea rangi yake. Tembea katikati ya njia, tazama unapokanyaga, na usiweke mkono nyuma ya gogo usipopaona. Siafu ukiwaona wanavuka, ruka msafara wao na usisimame hatua kumi mbele ukidhani umewapita, huwa wametapakaa. Wakikupanda ndani ya suruali, vua, haya iwekwe kando. Upupu hukua kwenye kingo na mashamba yaliyoachwa: maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopendeza macho, ukiyagusa utajikuna hadi jioni. Osha kwa maji mengi bila kusugua. Ukifika nyumbani jikague kupe nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti, na wakague watoto mwenyewe, usiwaachie wajikague.

Kwa wazee, msitu huu ni rafiki kuliko wanavyodhani. Mama mwenye magoti mabaya anaweza kwenda mita mia tatu, akatandika leso, akaketi kwenye kivuli saa nzima wakati vijana wanazunguka, mradi mtu mmoja anayeijua njia abaki naye. Mara nyingi aliyeketi ndiye anayeona zaidi. Kima humzoea, hondohondo hutua juu ya mti wake na kuangusha matunda, na shorobo hupita na mabawa mekundu.

Wala usichukue kitu. Si mbegu, si kipepeo, si ua. Na chupa yako ya maji rudi nayo mjini.

Kufikia saa tatu njaa tayari imekukamata. Gede kituoni kuna mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya kuchemka. Ukishakula nenda kwenye lango la magofu ya Gede, palipo na Mradi wa Kipepeo. Mradi huu ulianza mwaka 1993, wakati ambapo wakulima wengi wa kandokando ya msitu waliuona kuwa mzigo: umetangazwa hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni, hauruhusiwi kulimwa, na usiku unatoa ndovu na mchana nyani wa kumaliza mahindi. Wazo lilikuwa kumpa mkulima sababu ya kuutaka ubaki. Familia hukamata vipepeo wachache msituni kwa ajili ya mbegu, huwafuga kwenye vizimba vya wavu, hupanda miti ambayo viwavi wa kila aina hula, na viwavi wakishajifunga na kuwa pupa, huuzwa kupitia mradi na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Haraka inahitajika, kwa kuwa kipepeo hangoji; siku zake zikitimia anatoka, hata akiwa ndani ya sanduku. Katika chumba cha maonyesho hapo Gede utamwona akitoka, mabawa yakiwa yamekunjamana na kulowa, akining'inia hadi yanyooke na kukauka. Uliza kiwavi huyu anakula mti gani. Aliyekuongoza asubuhi pengine amekuonesha mti huo huo.

Ndani ya magofu yenyewe kuna kipande cha msitu kilichohifadhiwa na kuta za kale, na sange wapo. Aliyewakosa asubuhi ajaribu tena hapo, taratibu, kabla ya saa nne.

Mchana lala. Jioni, ukiwa na nguvu, teremka hadi hori ya Mida, upande wa pili wa barabara kuu, ambako kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko na kukufikisha kwenye ukingo wa maji wazi. Saa ya kwenda huko haiamuliwi na jua, inaamuliwa na bahari. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye matope na utaona nukta tu. Yanapoanza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo kuja upande wako. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa nne kuna kundi la ndege weupe kwa weusi, wenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, ambao huzaa katika mashimo ya mchanga huko Uarabuni na pwani ya Somalia kisha hushuka hadi hapa. Siku moja kabla, waulize wavuvi wa Mida maji yanajaa saa ngapi, nawe uwe umeshakaa mwisho wa daraja saa mbili kabla ya hapo.